Bango la Mananasi

Jumatatu, 3 Agosti

Vidonge. Soksi za kubana, zile zinazoniacha na alama miguuni. Mghoi, mke wa mwanangu, amenikalisha dirishani kama kila asubuhi na kwenda kufua. Nikibonyeza mguu, kidole kinaacha shimo. Daktari alisema moyo umechoka, kisha akaangalia pembeni. Sikumwuliza umebakiza muda gani. Nimefundisha watu wengi. Najua mtu anayeangalia pembeni anaficha nini.

Mwanangu Mwadime ametoka mjini na furaha inayoniudhi. Wanawake wasusi wa Mbololo, kikundi cha akina Mghoi, wamepewa banda kwenye maonyesho ya biashara hapa Voi wiki ijayo. Yeye amejitolea kulisanifu. Mada ya mwaka huu ni kulinda mazingira. Waamuzi watakagua kila banda limejengwa kwa vifaa gani, na litakaloshinda litapelekwa Nairobi, mbele ya wanunuzi wa kutoka nje. Kwa wale wanawake si jambo dogo. Vikapu vyao huuzwa kando ya barabara kuu, kwa watu wanaoteremsha kioo cha gari, wakabishana, wakakipandisha tena.

Amenionyesha mchoro kwenye simu. Kuta za plastiki. Juu ya plastiki, picha ya shamba la mkonge.

Picha ya mkonge. Kwenye plastiki. Hapa Voi, ambapo mkonge wenyewe umejipanga nje ya mji hadi macho yachoke.

Nimekasirika nikakohoa. Mghoi amekuja mbio akidhani ni dawa.

Jumanne, 4 Agosti

Bado nina hasira. Nimelala nayo, nimeamka nayo.

Mwadime anasahau alilelewa na kazi gani. Nilipoacha kufundisha sanaa chuoni nilisanifu mabanda ya maonyesho ya kilimo mpaka nikastaafu. Tulibeba banda zima kwenye lori moja. Nguzo zilezile, mwaka baada ya mwaka. Hakuna msumari. Kila kiungo kilifungwa kwa kamba, na aliyefunga alijua atafungua. Kuta zilikuwa za merikani. Kitambaa kikichafuka kinafuliwa, kikichakaa kinashonwa, kikishindikana kinakuwa tambara la kupangusia sakafu. Hatukuita hilo kulinda mazingira. Tuliita kutokuwa wapumbavu.

Leo nimemweleza polepole, maana pumzi hainitoshi. Mkonge ukishachanua hufa wenyewe. Lile shina refu la ua linabaki limesimama, limekauka, jepesi hata mtoto analibeba. Hukati kitu kilicho hai. Simamisha mashina hayo, yafunge kwa kamba ambazo wale wanawake wanasokota kila siku. Tundika merikani iliyotiwa rangi ya udongo wetu mwekundu. Maonyesho yakiisha, fungua, beba, nenda nyumbani.

Akacheka. Si kwa ubaya. Hilo ndilo liliniuma.

"Mama, hiyo itakaa banda la kuku."

"Afadhali banda la kuku la kweli."

"Watu wa siku hizi wanataka kitu kinang'aa."

Nikamwambia meno ya mamba yanang'aa pia. Akainuka kwenda kupokea simu ambayo haikuwa imelia.

Alhamisi, 6 Agosti

Jana Mghoi aliniletea mashina ya mkonge kutoka kwa jirani, bila kuombwa. Ameyaegemeza ukutani ili niyaone nikiwa kitandani. Mazuri. Yamenyooka. Niliyatazama jioni nzima nikichora kichwani mahali pa kila fundo.

Leo asubuhi hayapo. Mwadime ameyakata vipande akaegemezea nyanya zake. Anasema alidhani ni kuni.

Alidhani ni kuni! Mwana wa tumbo langu.

Nimegeukia ukuta. Nimekuwa mwanamke wa kugeukia ukuta, jambo nililowacheka wengine nikiwa na nguvu.

Niandike ukweli, kwa kuwa hakuna wa kuusoma. Sikasirikii plastiki peke yake. Nakasirika kwamba nimekaa humu ndani ya nyumba, nikiwa na akili yangu yote, na wananipita wanavyopita kabati.

Ijumaa, 7 Agosti

Bango limefika. Kevo amelileta kwa bodaboda, limekunjwa begani kama mzoga. Kevo ndiye mchapishaji, kijana wa hapa mjini, mwenye mdomo mwepesi na viatu vyeupe visivyofaa kwa vumbi la Voi. Walilitandaza sebuleni. Harufu ilijaa nyumba nzima. Nikaomba nisogezwe nilione.

Juu kabisa, kwa herufi za kijani: TUNALINDA MAZINGIRA.

Chini yake, shamba. Nikavaa miwani. Nikavua, nikapangusa, nikavaa tena.

Ni mananasi.

Si mkonge. Ni shamba la mananasi, la nchi gani sijui. Matunda yenyewe yanaonekana kule mbele, wazi, ukijua kutazama.

"Kevo," nikasema, "haya ni mananasi."

Akainama. Akakuna kichwa. "Shosho, si ni familia moja?"

"Si familia moja hata kidogo."

"Basi ni majirani. Hakuna msee ataangalia hivyo, shosho. Wanapita wakipiga selfi."

Mwadime akacheka. Mghoi akafunika mdomo. Mimi sikucheka. Nikauliza, baada ya maonyesho bango hili linakwenda wapi?

"Baadaye ni baadaye, shosho," Kevo akasema, akapanda bodaboda yake.

Hilo ndilo jibu lao lote. Najua linakwenda wapi. Nimeona kila kiwanja siku ya kufunga maonyesho. Plastiki imelala matopeni, upepo unaivuta hadi kwenye miiba, mbuzi wanatafuna pembe. Na juu ya lile vazi la takataka kumeandikwa tunalinda.

Wamelihifadhi chumbani kwangu, nyuma ya mlango. Wanasema hakuna nafasi kwingine. Nalala nikilinusa.

Jumamosi, 8 Agosti

Nimelikata.

Walikwenda wote mkutano wa kikundi. Mghoi aliniachia chai na simu, akaniambia nipige nikihitaji kitu. Nilihitaji mkasi, na mkasi wa kushonea niko nao kwenye droo yangu tangu chuoni.

Sikulichana ovyo. Mtoto angelichana ovyo. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikalivuta pindo la juu mapajani. Pale ndipo bango lote huning'inia, kwenye zile pete za chuma. Najua uzito unakaa wapi. Nimetundika vitambaa maisha yangu yote. Chini ya kila pete nikakata nyuzi za ndani na nusu ya plastiki, nikaacha ngozi ya mbele nzima isionekane. Ilinichukua muda mrefu. Nilipumzika, nikakata, nikapumzika. Kisha nikalirudisha nyuma ya mlango na kulala nguo zikiwa zimelowa jasho.

Litachanika wakilitundika. Watalaumu kazi mbovu ya Kevo. Hawatakuwa na wakati wa kuchapisha jingine. Ndipo watarudi kwangu.

Sijajisikia hai hivi kwa muda mrefu. Ni vibaya kusema hivyo. Nasema.

Jumapili, 9 Agosti

Limechanika. Sikupanga lichanike vile.

Baada ya kanisa wanawake wa kikundi walikuja kujaribu kulisimamisha uani. Nilipelekwa barazani nikae kwenye kiti changu. Walisimamisha nguzo mbili na boriti juu yake. Mghoi alipanda kwenye stuli kufunga upande wa kushoto. Upepo ulikuwa mkali, ule wa Agosti unaokuja na vumbi kutoka tambarare. Bango likajaa upepo kama shavu. Nikasikia pete ya kwanza ikiachia. Nilijua sauti ile. Hakuna mwingine aliyeijua.

Ningepiga kelele. Kulikuwa na nafasi ya kupiga kelele. Sikupiga.

Lilichanika kutoka juu hadi chini na lile pigo likang'oa boriti. Boriti ikamwangukia Mghoi kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Mkono wa kusukia.

Hakulia. Alikaa chini vumbini akaushika mkono kama umekuwa wa mtu mwingine. Wanawake wakakimbia. Mwadime akamtukana Kevo kwa simu. Kevo akaapa kwa mama yake kwamba pindo lilikuwa sawa.

Zahanati wanasema haujavunjika. Umeteguka. Amefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Wiki kadhaa bila kusuka.

Jioni nimesikia wakinong'ona jikoni. Mwadime alisema, "Ni Mama." Kisha akasema, "Nilimcheka. Nikamkatia mashina yake. Ana kitu moyoni, na kimetoka kikampata Mghoi."

Wanasema ni hasira yangu. Sisi Wadawida tunajua hilo tangu tumboni. Hasira ya mzazi ikikaa moyoni huwaumiza walio chini yake, hata yeye mwenyewe asipotaka. Nilidhani mwanangu, na diploma yake na simu zake mbili, hayumo tena katika mambo hayo. Yumo.

Wanaamini hasira yangu imempiga Mghoi. Hawajakosea. Hawajui tu kwamba ilitumia mkasi.

Jumatatu, 10 Agosti

Mghoi amekuja kuninyanyua kitandani kwa mkono mmoja. Aliniwekea bega chini ya kwapa, akasukuma kwa magoti. Nikamwambia aniache nilale. Akasema, "Mama, ukilala hivyo maji yatapanda kifuani." Nilimchukia kwa upole ule. Ndiyo, nilimchukia, kwa muda wa kunywa chai.

Mwadime amenipigia magoti. Mtu mzima mwenye mvi. Amesema banda litajengwa nilivyotaka, mashina, merikani, kamba, kila kitu. Ameshayatafuta. Mchana pikapu ikashusha mzigo mzima wa mashina ya mkonge mbele ya mlango, mengi kuliko niliyowahi kuota. Amesema jambo moja tu anaomba. Nitoe kile kilicho moyoni. Amempigia ndugu yangu Mwachia, kule Ronge. Kesho atakuja ili nitase.

Kutasa. Unajaza kinywa maji ya miwa, unayapuliza nje rasharasha, na pamoja nayo unatoa hasira yako na kuwatakia heri. Kanisani tunaambiwa tusamehe. Nyumbani tunatasa. Wengi wa umri wangu hufanya yote mawili na hawamsumbui kasisi kwa habari hizo.

Kwa hiyo nimeshinda. Nina banda langu. Nina mwanangu magotini. Ninachotakiwa kufanya ni kupuliza maji nje ya dirisha.

Jioni Mghoi alikuwa akilikunja lile bango kwa mkono mmoja na meno. Nikamwuliza kwa nini anasumbuka na takataka. Akanitazama kama ninatania.

"Hiyo ni paa letu, Mama."

Walikuwa wameshakubaliana tangu mwanzo. Baada ya maonyesho, plastiki ile ingetumika kuezekea kibanda cha kusukia kule Mbololo, pale wanawake wanapokaa na kunyeshewa kila mvua za vuli zinapoanza. Ndiyo sababu walichagua plastiki nzito badala ya kitambaa. Ndiyo sababu walikubali picha yoyote. "Mananasi yataangalia juu," alisema, "yatazamwe na ndege." Na vipande vya pembeni vilikuwa vimegawanywa, cha kuanikia kunde, cha kufunikia mahindi.

Nikasema, "Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Mama. Ulimwuliza Kevo."

Usiku huu nimeshindwa kulala. Nina hasira sasa na mtu ambaye siwezi kumgeukia ukuta. Ningalifanya nini, mimi mtaalamu? Ningaliwapa mashina yanayoliwa na mchwa na kitambaa kinachopitisha maji. Banda safi, la ukweli, la siku chache. Wao walikuwa wamefikiria mvua.

Na bado lile bango lilikuwa uongo mtupu, na bado lilikuwa baya. Siondoi neno hilo.

Jumanne, 11 Agosti

Naandika kidogo kidogo. Kifua kinabana.

Mwachia alifika na maji ya miwa ndani ya chupa ya soda. Ndugu yangu mdogo, mzee wa kanisa, mwenye tai hata kwenye shughuli kama hii. Tulikaa uani, upande wa kivuli cha nyumba. Mwadime, Mghoi na mkono wake, mimi. Yale mashina yalikuwa yamelala karibu yetu.

Mwachia akasema, "Dada, wewe unajua. Ukitasa huku umebakiza kitu, ni afadhali usingetasa. Kinachobaki kinakuwa kikali zaidi."

"Usinifundishe, Mwachia. Nilikufuta kamasi."

"Ulinifuta vibaya. Mpaka leo pua imelala upande."

Mwadime alicheka kwa woga. Nikajaza kinywa. Yalikuwa matamu mno, ya miwa iliyokatwa asubuhi. Nikawatazama. Mwadime alikuwa ameinamisha kichwa kama mtoto anayesubiri kupakwa mafuta. Mghoi alikuwa ananitazama mimi, si chini. Hakuwa na hofu. Alikuwa ananionea huruma.

Nikameza.

Mwachia akasema, "Hayamezwi, dada."

Nikasema, "Nililikata bango. Jumamosi. Kwa mkasi wangu. Nilikata pindo chini ya pete ili lichanike. Hakuna roho iliyomwumiza Mghoi. Ni mimi."

Jirani alikuwa anapigilia msumari mahali. Halafu Mwadime akasimama. Sijawahi kuiona sura ile kwake. Alisema maneno ambayo sitayaandika, si kwa sababu hayakuwa kweli. Alisema alinipigia magoti. Alirudia hilo. "Nilikupigia magoti, Mama." Akatoka, akapiga teke mashina ya mkonge yakatawanyika, akaenda mjini kwa miguu.

Mghoi alikaa. Akauangalia mkono wake, akaugeuza, akauangalia tena.

"Uliona nikipanda stuli?"

"Niliona."

"Ulijua litachanika."

"Nilijua."

"Na ukanyamaza."

"Ndiyo."

Alitikisa kichwa polepole. Akaingia ndani. Nikamsikia akipanga sufuria kwa nguvu, moja ndani ya nyingine.

Mwachia akaifunga ile chupa kwa kifuniko chake. Ilikuwa bado imejaa. Akasema, kama anayeongea na chupa, "Basi wewe huna la kutasa tena. Sasa ni wao."

Sikuwa nimewaza hilo. Nilidhani nikisema, nitakuwa nimemaliza. Kumbe nimehamisha mzigo tu. Nimeutoa kifuani mwangu nikauweka kwa mwanamke mwenye mkono mmoja.

Ijumaa, 14 Agosti

Maonyesho yalikuwa jana na leo. Sikwenda. Hakuna aliyenialika.

Mwachia amelala hapa siku hizi, kwenye kochi. Ananiletea habari kwa sababu wengine hawaniletei. Mwadime hazungumzi nami. Mghoi anafanya kila kitu kinachotakiwa na hasemi neno lisilotakiwa. "Inua mkono." "Kunywa." "Geuka."

Banda langu halikujengwa. Baada ya Jumanne hakuna aliyetaka kugusa mashina yale. Yako bado pale mlangoni. Wanayaruka wakipita.

Wanawake walilichukua bango lililochanika wakaligeuza, upande mweupe mbele. Wakalishona kwa nyuzi zao za mkonge, mshono mmoja mrefu wa kahawia kutoka juu hadi chini, kisha wakatundika vikapu juu yake. Ndilo banda lote. Mananasi na yale maneno ya kijani yalibaki nyuma, yakitazamana na choo cha kiwanja. Mwachia anasema lilipendeza. Nilimtaka anieleze mshono. Hakujua. Nikamkaripia. Kama wameshona mara moja tu, bila kukunja ukingo, paa lile litavuja pale pale. Hakuna aliyeniuliza. Ningewaambia.

Hawakushinda.

Banda lililoshinda lilikuwa la matawi mabichi na miti michanga iliyokatwa mlimani, ikachomekwa mchangani kana kwamba imeota. Waamuzi waliandika kwamba ni la asili kabisa. Kufikia jana alasiri majani yalikuwa yamelegea. Leo yalikuwa yanaanguka juu ya wageni. Miti ile ilihitaji miaka mingi kufika kimo kile, na ukame huu. Wameikata kwa siku mbili na kuipa zawadi! Laiti ningekuwa na miguu. Ningekwenda pale na fimbo. Ningewauliza hao waamuzi kama mtu aliyekufa jana naye ni wa asili kabisa.

Nimepiga kitanda kwa ngumi. Ngumi yenyewe haina uzito wa yai.

Kama nisingelikata pindo, je, wangeshinda? Na mananasi yao? Labda sivyo. Labda ndiyo. Hilo sitalijua, na wao hawatalijua, na kila mmoja wao ana haki ya kuamini kwamba angekwenda Nairobi.

Jumamosi, 15 Agosti

Pumzi mbaya tangu alfajiri. Mwadime aliingia, akasimama mlangoni, akatazama mirija ya oksijeni waliyoazima zahanati. Akauliza, "Inafanya kazi?" Nikasema inafanya. Akaenda.

Ni maneno mawili zaidi ya jana.

Jumapili, 16 Agosti

Upepo umetulia leo. Wote wamekwenda kanisani isipokuwa Mghoi. Alibaki kwa ajili yangu, au kwa ajili ya mkono. Sikuuliza.

Alinigeuza upande na kunipangusa mgongo kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu. Mkono wake wa kushoto umeanza kuzoea. Nikamwambia kuhusu ule mshono, kwamba waukunje ukingo na kushona mara ya pili kabla hawajaezeka. Akasema wameshaukunja. Wameshona mara tatu.

Kisha nikamwuliza, "Ile ya moyoni bado iko, Mghoi?"

Alijua ninauliza nini. Hakujifanya hajui.

"Iko, Mama."

"Nyingi?"

"Imepungua. Juzi nilikuwa naamka nayo. Leo niliikuta nikiwa tayari nimewasha jiko." Alikamua kitambaa kwa kukibana kwenye ukingo wa beseni. "Chupa ya mjomba ninayo. Yale ya miwa yalichacha, nimeyamwaga, nikatia maji. Lakini sitatasa kwa mdomo tu ili ulale vizuri."

"Sitaki utase kwa mdomo tu."

"Basi ngoja. Ikiisha nitakuja mwenyewe. Usiniite."

Nimemwambia sawa.

Amenifunika. Ameniletea ugali laini na mchicha, akaniwekea kijiko karibu, akaenda kukaa barazani ambako ninamwona nusu, bega na upande wa kilemba. Anajaribu kusuka kwa mkono wa kushoto, kikapu akikishikilia kwa magoti. Anakosea, anafumua, anaanza tena.

Nimekula chote. Ningependa niwe hapa atakapokuja.